Kadi za Mapishi: Elimu ya Mkutubi Katika Jiko la Nyumbani

Katika nyumba ya mama yangu mjini Tanga kuna bati la biskuti ambalo kwa miaka mingi halijapata kuwekwa biskuti. Ndani yake mmejaa karatasi: migongo ya bahasha, kurasa zilizochanwa katika madaftari ya shule, vipande vya kalenda za zamani, na hata kipande cha mfuko wa kaki uliotiwa sukari dukani. Kila karatasi inaeleza upishi wa chakula fulani. Nyingine ziliandikwa na mama mwenyewe, nyingine na shangazi zangu, na chache na majirani ambao sasa wamekwisha kufariki. Mwaka jana mimi na dada yangu tulizihesabu, tukapata 214. Tatu kati yake zilieleza mkate wa kumimina, wala hazikuwamo mbili zilizolingana.

Nina sababu ya kuukumbuka mkate huo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Uppsala, Uswidi, nilimwomba mama aniandikie namna ya kuupika. Maelezo yake yalikuwa mazuri mpaka mahali paliposema: "Kisha uache uumuke kama kawaida." Niliuacha kwa saa moja na nusu, kama nilivyozoea kuona nyumbani, nikaumimina katika chombo, nikauoka. Ulitoka bapa na mgumu kama kigae. Ilikuwa Januari, chumba changu kilikuwa na baridi, na hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo sana, hufanya kazi polepole penye baridi. Kawaida ya Tanga haikuwa kawaida ya Uppsala. Niliporudi likizo nilimwuliza, "Mama, kawaida ni muda gani?" Akacheka, akajibu, "Mwanangu, kawaida ni kawaida. Ukiangalia utaona."

Jibu hilo halikuwa la mzaha. Mama alikuwa akinieleza kwamba elimu ile imo katika jicho lake, wala haimo katika karatasi. Basi katika makala haya tutajaribu kujibu maswali mawili. La kwanza: maelezo ya mapishi yanapozidi kuongezeka nyumbani, yapangwe namna gani ili kila moja lipatikane linapohitajiwa? La pili: kiandikwe nini juu ya kila karatasi ili mtu ambaye hakuwapo jikoni siku ile aweze kupika chakula kile kile? Maswali haya ni ya nyumbani, lakini majibu yake yametokana na elimu ambayo wataalamu wa mimea, wakutubi na wanahisabati wameishughulikia kwa zaidi ya miaka 200.

Kwa nini bati hutushinda

Mtu mwenye karatasi 20 hahitaji mpango wowote. Huzimwaga mezani, akazitazama zote, akapata aitakayo kabla maji hayajachemka. Taabu huanza zinapoongezeka. Katika rundo lisilo na utaratibu, atafutaye karatasi moja atalazimika, kwa wastani, kupekua nusu ya rundo zima. Kwa karatasi zetu 214 hizo ni 107, na kwa karatasi 1,000 zingekuwa 500. Na kama karatasi aitafutaye haimo, hatajua hivyo mpaka amezipekua zote.

Sasa tuseme karatasi hizo zimepewa namba na kupangwa kwa kufuata namba hizo. Mtafutaji hufungua katikati ya fungu. Kama namba aionayo ni kubwa kuliko aitakayo, huacha nusu ya nyuma na kushughulika na nusu ya mbele tu. Kama ni ndogo, hufanya kinyume chake. Kisha hufungua katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo hivyo. Karatasi 1,000 hupungua kuwa 500, kisha 250, kisha 125, na baada ya hatua 10 tu hubaki moja. Kwa karatasi 214 zatosha hatua 8. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba mkusanyo ukiongezeka maradufu, kazi ya kutafuta huongezeka kwa hatua moja peke yake. Hii ndiyo faida ya utaratibu: hausaidii sana vitu vinapokuwa vichache, bali kadiri vinavyozidi ndivyo unavyozidi kulipa gharama yake.

Daftari na kadi

Watu wengi wanapochoshwa na bati hununua daftari kubwa. Huligawa mafungu: wali, mikate, mchuzi, mboga, vitafunio. Huandika kwa mwandiko mzuri, na kwa muda wa miezi kadhaa mambo huenda vyema. Lakini mkusanyo haukui kwa usawa. Fungu la vitafunio hujaa, kwa kuwa kila arusi huleta visheti vipya na kila Ramadhani huleta kaimati za namna nyingine, hali fungu la mboga lina kurasa 20 nyeupe. Mwenye daftari huanza kuandika vitafunio katika kurasa za mboga, na tangu siku hiyo mpango umevunjika. Kosa si la mwandishi. Daftari lililoshonwa linamtaka ajue tangu mwanzo kila fungu litakua kiasi gani, jambo ambalo hakuna binadamu awezaye kulijua.

Tatizo hili hili lilimkabili Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uppsala, katika karne ya 18. Kila meli iliyorudi kutoka mbali ilimletea mimea asiyoijua, na vitabu vyake vya kumbukumbu vikawa vinajaa mahali asipotazamia. Katika miaka ya 1760 alianza kuandika habari za kila aina ya kiumbe juu ya kipande chake cha karatasi, vipande vyote vikiwa vya ukubwa mmoja, takriban sentimita 13 kwa 7.5. Alipopata aina mpya aliandika kipande kipya na kukiingiza mahali pake, bila ya kugusa vingine. Vipande hivyo vingalipo hadi leo, navyo vimehifadhiwa London.

Nchini Ufaransa, mwaka 1791, serikali ya mapinduzi ilikuwa imetwaa maktaba nyingi za makanisa na ikataka kujua ni vitabu gani vilivyomo. Iliagiza kila kitabu kiandikwe juu ya karata ya kuchezea, maana zama hizo migongo ya karata ilikuwa myeupe, nazo karata zilikuwa ngumu, za ukubwa mmoja, na zilipatikana kila mji. Hivyo kadi ya maktaba ilianzia katika mchezo wa karata.

Funzo la kwanza, basi, ni hili: kila maelezo ya upishi yawe juu ya kadi yake peke yake, na kadi zote ziwe za kipimo kimoja. Kadi za inchi 3 kwa 5 huuzwa katika maduka ya vifaa vya ofisi. Asiyezipata aweza kukata karatasi ngumu, hata ya maboksi ya nguo mpya, akatumia sanduku la viatu kuwa droo.

Chakula kimoja, mafungu mengi

Mwenye kadi hukutana mara moja na swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Samaki wa kupaka awekwe wapi? Ni samaki, kwa hiyo aweza kukaa katika fungu la samaki. Lakini huchomwa juu ya makaa, na anayetafuta vyakula vya kuchoma atamtaka huko. Hupakwa tui zito la nazi, na mwenye nazi mbili zinazokaribia kuharibika atamtafuta katika fungu la nazi. Isitoshe, ni chakula cha wageni. Kadi ni moja, na mafungu ni manne.

Wakutubi wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1876 Melvil Dewey wa Marekani alitangaza mpango wake wa kuyagawa maarifa yote katika mafungu 10, kila fungu katika 10 mengine, na hayo tena katika 10. Katika mpango huo, unaotumika hata leo katika maktaba nyingi duniani, vitabu vya upishi vimepewa namba 641.5. Mpango huu una nguvu, kwa sababu hukipa kila kitabu mahali pamoja katika rafu. Upungufu wake umo humo humo katika hayo mahali pamoja: kitabu kinachohusu mambo mawili hulazimishwa kuchagua moja.

Aliyeitazama shida hii kwa jicho jipya alikuwa S. R. Ranganathan wa India, mwalimu wa hisabati aliyegeuka kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Katika mpango alioutoa mwaka 1933 hakuuliza, "Kitu hiki kimo katika fungu gani?" Aliuliza, "Kitu hiki kina pande zipi?" Kila kitu, kwa maoni yake, chaweza kutazamwa kwa upande wa asili yake, wa kazi ifanywayo juu yake, wa mahali, na wa wakati. Pande hizi hazishindani. Tukirudi kwa samaki wa kupaka, hatulazimiki kuchagua kama ni wa nazi au ni wa kuchoma. Ni vyote viwili, kwa kuwa nazi ni upande wa viungo na kuchoma ni upande wa njia ya kupika.

Hapa ndipo tunapolipata wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo msingi wa kazi yote: *mahali pa kuiweka kadi ni jambo moja, na njia za kuifikia ni jambo jingine.* Mahali pawe pamoja tu. Njia zaweza kuwa nyingi kadiri tupendavyo. Nyumba ina kiwanja kimoja, lakini hufikiwa kwa vichochoro vinne.

Namna ya kufanya

Kila kadi ya mapishi ipewe namba kwa kufuata utaratibu wa kufika kwake: ya kwanza 1, ya pili 2, na kuendelea. Zikae katika sanduku kwa namba hizo hizo. Kadi mpya huwekwa nyuma daima, na kwa hiyo sanduku halihitaji kupangwa upya hata mara moja. Usijaribu kuifanya namba iseme kitu chochote juu ya chakula. Kazi yake ni kuwa anwani tu.

Kisha ziandikwe kadi za faharasa, ambazo ni chache na zapasa kuwa za rangi nyingine. Kadi moja iitwe "Nazi", na chini yake ziandikwe namba za mapishi yote yanayotumia nazi: 4, 11, 37, 52. Nyingine iitwe "Mchele": 2, 11, 19, 37. Nyingine "Kuchoma", nyingine "Futari", nyingine "Mgonjwa", nyingine "Haraka", kwa vile vyakula vinavyoiva kwa nusu saa. Mwenye nazi na mchele nyumbani huziweka kadi hizo mbili kando kwa kando, akatazama namba zinazoonekana katika zote mbili. Hapa ni 11 na 37. Kazi hii yachukua muda mfupi kuliko kumwelezea mtu.

Kadi za majina zapangwe kwa alfabeti, na hapa lugha yetu ina mambo yake. La kwanza, vyakula vingi vya Kiswahili huanza kwa herufi M: mkate, mchuzi, mandazi, maharage, makande, mtori, mchicha. Tulipoyapanga majina ya karatasi za mama kwa herufi ya kwanza, fungu la M peke yake lilikuwa nene kuliko mafungu mengine. Dawa yake ni kupanga kwa neno linalotofautisha: "Pweza, mchuzi wa" badala ya "Mchuzi wa pweza". La pili ni umoja na wingi. Kitumbua kikae katika K, au vitumbua vikae katika V? Kamusi zetu hupanga majina kwa umoja, nasi twaweza kufuata desturi hiyo. Lakini kwa kuwa hakuna mtu asemaye anapika kitumbua, waweza pia kuamua kutumia wingi. Lililo muhimu ni kushika kanuni moja, na kuiandika juu ya kadi ya kwanza kabisa ili wenzako nyumbani waijue. La tatu ni majina mengi ya chakula kimoja. Mkate wa kumimina wengine huuita mkate wa sinia. Usiandike maelezo mara mbili, kwani siku utakaposahihisha moja utaisahau nyingine. Andika jina la pili katika faharasa, na mbele yake neno "tazama".

Sindano inayochagua

Kabla ya kompyuta kuenea, maofisi na maabara nyingi yalitumia chombo cha kupendeza ambacho msomaji aweza kukitengeneza mwenyewe, na ambacho watoto hukifurahia. Toboa matundu 10 katika ukingo wa juu wa kila kadi, yote yakiwa mahali pamoja ili kadi zikipangwa pamoja matundu yaelekeane. Kila tundu lipewe maana: la kwanza nazi, la pili mchele, la tatu nyama, la nne kuchoma, na kadhalika. Kama chakula kina sifa hiyo, kata kwa mkasi toka tunduni hadi ukingoni, ili tundu liwe pengo lililo wazi. Kama hakina, liache tundu zima.

Ukitaka vyakula vyote vya nazi, shika fungu zima, pitisha sindano ya kufumia katika tundu la kwanza, kisha uinue sindano na kutikisa kidogo. Kadi zenye pengo huanguka mezani, na zile zenye tundu zima hubaki zikining'inia. Ukitaka vyenye nazi na pia mchele, pitisha sindano mbili kwa pamoja: huanguka zile tu zenye mapengo yote mawili, kwa maana iliyo na pengo moja hushikwa na sindano ya pili. Kadi zenyewe hazihitaji kuwa katika utaratibu wowote. Kwa matundu 10 yaweza kupatikana mafungamano 1,024 mbalimbali, na msingi wake, yaani kila swali kujibiwa kwa ndiyo au siyo, ndio huo huo unaotumiwa na kompyuta.

Kiandikwe nini

Mpango mzuri wa kadi mbovu hauna faida. Tuje sasa kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililoniharibia mkate wangu.

Kwanza, vipimo. Kikombe si kipimo mpaka kipimwe. Kikombe kinachotumiwa katika vitabu vya Marekani ni takriban mililita 237. Kile cha nchi nyingine ni 250. Na kikombe cha chai cha nyumbani chaweza kuwa chochote. Kijiko kikubwa ni mililita 15 katika nchi nyingi, lakini Australia ni 20. Ziada ya hayo, kikombe kile kile cha unga kikijazwa kwa kushindiliwa huzidi kwa gramu 20 au zaidi kile kilichojazwa kwa kuchotwa polepole. Basi ukiweza, andika gramu. Usipokuwa na mizani, chagua kikombe kimoja cha nyumbani, kijaze maji, na uyapime maji hayo kwa chupa ambayo ujazo wake umeandikwa. Kisha andika ujazo wa kikombe hicho katika kadi ya kwanza. Tangu hapo neno "kikombe" katika sanduku lako lina maana moja.

Pili, andika muda, na pamoja na muda uandike ishara. "Saa moja na nusu" ni kweli kwa Tanga ya Januari. Kasi ya hamira huongezeka karibu maradufu joto linapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, na kwa hiyo saa ya mahali pamoja si saa ya mahali pengine, wala saa ya Januari si saa ya Julai. Lakini ishara ni ile ile popote.

Tatu, andika sababu ya kila hatua iliyo muhimu. Katika chakula kama mkate sababu hulinda utamu. Katika vyakula vingine hulinda maisha. Fikiria muhogo mchungu. Ndani ya chembe zake mna kemikali iitwayo linamarini, na kando yake, ikiwa imetengwa nayo, mna kimeng'enya. Muhogo unapolowekwa ukalainika, au unapopondwa, viwili hivyo hukutana na kutoa sianidi, ambayo ni sumu, nayo hutoka pamoja na maji au huruka hewani wakati wa kuanika. Kwa hiyo siku za kuloweka si za kupoteza wakati. Ndizo zinazoondoa sumu. Kuuchemsha tu muhogo mzima hakutoshi, maana moto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini hubaki.

Ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na haurudi nyuma, ulielezwa kwa mara ya kwanza katika Kongo mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mwaka 1985 ulizuka pia wilayani Tarime, hapa Tanzania. Uchunguzi umeonyesha kwamba hutokea pale watu wanapokula muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, huku chakula chao kikiwa na upungufu wa protini. Katika Bandundu, huko Kongo, biashara ya muhogo ya kwenda Kinshasa ilipopamba moto, baadhi ya familia zilipunguza kuloweka kutoka siku tatu hadi moja. Mabibi wa familia hizo walijua siku ni tatu. Yamkini si wote walioambiwa kwa nini. Desturi isiyo na sababu yake hukatwa kwa urahisi siku ya haraka.

Maharage mekundu nayo ni mfano wa karibu. Yakiwa mabichi yana sumu iletayo kutapika na kuhara, na sumu hiyo huvunjwa kwa kuchemka kwa nguvu, wala si kwa joto la wastani. Apikaye kwa kapu la kutunzia joto ili kuokoa kuni hana budi kwanza kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo, na kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10. Kadi isemayo "chemsha kidogo, kisha weka katika kapu" ni kadi ya hatari.

Nne, andika chanzo na tarehe: nani alieleza, mahali gani, mwaka gani. Ukibadilisha kitu baadaye, usifute. Ongeza chini yake badiliko lako na tarehe, kama afanyavyo mtafiti katika daftari lake la maabara. Karatasi tatu za mkate wa mama hazikuwa na kosa; zilikuwa za miaka mbalimbali, na hakuna iliyosema ni ya lini.

Kuzitunza

Karatasi ina maadui: mchwa, mende, mafuta ya jikoni, na katika mwambao wetu unyevu wa hewa, kwani kuvu huota vizuri unyevu unapozidi asilimia 70. Sanduku likae mbali na jiko na juu ya sakafu. Penseli hudumu kuliko wino wa kalamu nyingi, kwa kuwa risasi yake haiyeyuki katika maji. Siku hizi wengi hupiga picha karatasi kwa simu, na hilo ni jambo jema, kwani nakala huweza kukaa nyumba nyingine. Lakini picha 300 zisizo na namba ndani ya simu ni bati lile lile la biskuti, isipokuwa halina kifuniko. Ipe picha namba ya kadi yake. Na kadi zilizo za thamani zaidi zinakiliwe kwa mkono na kuwekwa kwa ndugu mwingine.

Kadi namba 37

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga nikiwa na mizani, saa na kipimajoto. Mama alipika, dada yangu akapima kila kitu kabla hakijaingia katika chombo, nami nikaandika. Mama alivumilia, ingawa mara mbili alituambia tumsogelee mbali. Alipofika mahali pa kuumua tulikaa naye tukitazama. Baada ya saa moja na dakika 10, chumba kikiwa na nyuzi 31, alisema, "Haya, tayari." Tukamwomba atuonyeshe alichokiona. Alifikiri kidogo, kana kwamba hajapata kuulizwa, kisha akaonyesha kwa kidole. Kadi yetu inasomeka hivi:

*Namba 37. Mkate wa kumimina (mkate wa sinia). Chanzo: Mama, Tanga. Mchele gramu 400, ulolowekwa usiku kucha, tui zito mililita 400, sukari gramu 200, hamira kijiko kidogo 1 (mililita 5), hiliki, ute wa mayai 2, utiwe mwishoni. Saga mchele pamoja na tui na hamira mpaka usisikie chembe kwa vidole. Acha uumuke. Muda: saa 1 na dakika 10 katika nyuzi 31, penye baridi ngoja zaidi. Ishara: umepanda karibu maradufu, na juu pana vitundu vidogo vinavyopasuka vyenyewe bila kuguswa. Vikiwa vikubwa na harufu ni kali, umepita.*

Vitundu vinavyopasuka vyenyewe: hiyo ndiyo ilikuwa "kawaida". Maneno matatu, ambayo yangaliniokolea mkate wangu kule Uppsala, na ambayo hayakuwamo katika karatasi yoyote kati ya zile 214.

Msomaji asingoje mpaka apate sanduku zuri au kadi za dukani. Achague vyakula 10 ambavyo nyumba yake isingependa kuvipoteza, na aanze na vile ambavyo anayevijua ni mtu mmoja tu, tena mzee. Aende akakae naye jikoni akiwa na penseli, na kila atakaposikia neno "kawaida", aulize. Kadi za faharasa zaweza kuandikwa mwaka ujao. Sisi tumekwisha kuandika kadi 46, na mama ametuagiza turudi Pasaka kwa ajili ya bokoboko.